Filta ya AC: Kipuri Kidogo Kinacholinda Pumzi na Macho ya Dereva

Mwenye gari hujua ni lini alibadilisha oili ya injini. Anajua tairi ipi imeanza kuisha na breki zilikaguliwa mwezi gani. Lakini ukimwuliza filta ya AC ilibadilishwa lini, mara nyingi atanyamaza, au atakujibu kwa swali: kwani gari langu linayo?

Hapa Taita Taveta swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu wenye magari wa kaunti hii husafiri katika hewa za namna mbili. Nyanda za chini, kuanzia Voi na Mwatate hadi upande wa Taveta, kuna joto na vumbi jekundu, lile lile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo. Ukipanda milimani kuelekea Wundanyi, Werugha na Mgange, unakutana na baridi na ukungu. Safari ya asubuhi moja inaweza kukupitisha kote kuwili.

Filta iliyoziba humsumbua dereva katika sehemu zote hizo. Huku chini humlazimisha kufungua madirisha na kuvuta vumbi. Huko juu humnyima hewa ya kukausha kioo cha mbele wakati anapohitaji kuona kona inayofuata. Makala haya yanaeleza filta hiyo ni ipi, inakaa wapi, inabadilishwaje, na namna ya kuondoa harufu mbaya ndani ya gari bila kuificha kwa manukato.

Filta mbili, kazi mbili

Gari lina filta mbili za hewa, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni filta ya hewa ya injini. Iko chini ya boneti na hulinda injini. Hii ndiyo fundi huibadilisha au kuipuliza gari linapopelekwa sevisi.

Ya pili ni chujio la hewa inayoingia mnakoketi. Madukani na gereji nyingi huitwa filta ya AC, ingawa hufanya kazi hata pale AC imezimwa na feni peke yake inazunguka. Hii hailindi injini. Inawalinda watu walio ndani.

Kwa hiyo risiti ya gereji ikisema tu "filta ya hewa", uliza ni ipi. Unaweza kuwa umelipia sevisi miaka yote bila filta ya pili kuguswa hata mara moja.

Kuna sababu nyingine ya kuuliza. Magari mengi tunayonunua ni mitumba kutoka Japani. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba gari linaweza kufika Mombasa likiwa na miaka 6 au 7 ya matumizi, pamoja na filta ambayo hujui ilibadilishwa lini. Baadhi ya magari, hasa ya bei nafuu na ya kubeba mizigo, yametengenezwa yakiwa na nafasi ya filta lakini filta yenyewe haikuwekwa. Mwenye gari la aina hiyo huvuta vumbi bila chujio lolote, na hana habari.

Vumbi lisiloonekana ndilo la kuogopwa

Vumbi tunalolifuta kwenye dashibodi ni chembe kubwa. Hizo hukwama puani na kooni, tukapiga chafya au kukohoa zikatoka. Zinazowatia wasiwasi wataalamu wa afya ni chembe ndogo zenye upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene mara 30 hivi kuliko chembe kama hiyo. Kwa udogo wake, chembe hiyo hufika ndani kabisa ya mapafu.

Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachopendekeza cha chembe hizo hewani hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo kwa mwaka. Awali kiwango kilikuwa 10. Chembe hizo hutokana na moshi wa magari, moto wa kuni na makaa, uchomaji wa taka, na pia vumbi.

Dereva anayefuata lori katika barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi hupokea moshi wa dizeli. Anayefuata gari jingine kwenye barabara ya udongo hupokea vumbi. Wanaoumia haraka ni watoto, wazee, na watu wenye pumu au mzio. Filta nzima, iliyokaa vizuri, hupunguza sana kinachowafikia.

Madukani utakuta aina mbili kuu. Ya kwanza ni nyeupe, ya karatasi maalumu au nyuzi za plastiki, na hunasa vumbi na chavua. Ya pili ina tabaka la mkaa maalumu, na kwa kawaida rangi yake ni ya kijivu au nyeusi. Hiyo hunasa vumbi, na pia hupunguza harufu na baadhi ya gesi za moshi. Bei yake huwa juu kidogo, lakini inamfaa anayeendesha mara kwa mara nyuma ya malori au anayebeba mgonjwa wa pumu.

Kioo chenye ukungu

Wengi husema, "AC ni ya starehe, mimi naweza kuvumilia joto." Usemi huo husahau kazi ya pili ya hewa hiyo.

Chukua mfano wa gari lililojaa abiria, likipanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi asubuhi ya Julai. Nje ni baridi na mvua nyepesi inanyesha. Pumzi za watu watano zina unyevu. Unyevu huo ukigusa kioo baridi, hugeuka matone madogo, na kioo cha mbele kinakuwa cheupe ndani ya dakika chache. Waipa haisaidii, kwa kuwa ukungu uko upande wa ndani.

Dawa yake ni hewa kavu. AC inapowashwa, hewa hupita kwenye chuma baridi chenye mapezi membamba ambacho mafundi hukiita evaporeta. Unyevu huganda hapo kama matone na kudondoka chini ya gari kupitia bomba dogo. Hewa iliyokauka hupulizwa kwenye kioo, ukungu ukaondoka. Ndiyo maana AC inafaa hata siku ya baridi. Unaweza kuiwasha pamoja na hita.

Lakini filta ikiwa imeziba, feni hunguruma na hewa kidogo tu ndiyo hufika kioo. Dereva huanza kufuta kioo kwa kitambaa au kiganja huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, naye yuko kwenye kona za mlima. Hapo kipuri kidogo kimekuwa suala la usalama barabarani.

Ukungu ukianza, fanya hivi: elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, washa AC, ongeza kasi ya feni, na chagua hewa ya kutoka nje. Kioo kisiposafika haraka, tafuta mahali salama kando ya barabara usimame hadi uone vizuri.

Je, ni filta au ni gesi?

Wenye magari hupoteza pesa nyingi kwa sababu ya kutojua tofauti hii. AC ikidhoofika, jambo la kwanza wanaloambiwa ni kwamba gesi imekwisha. Wanalipia kujaza gesi, na shida inarudi palepale. Kabla ya kulipa, weka mkono kwenye tundu la hewa na upime mambo mawili: nguvu na ubaridi.

Hewa ikiwa baridi lakini inatoka kwa unyonge hata feni ikiwa kasi ya mwisho, anza na filta. Hewa ikitoka kwa nguvu lakini haina ubaridi, hapo shida huenda ni gesi, kompresa au sehemu nyingine ya mfumo wa AC, na fundi wa AC ndiye wa kuiona.

Dalili nyingine za filta iliyochoka ni harufu ya uvundo unapowasha feni, vumbi jepesi kurudi kwenye dashibodi muda mfupi baada ya kufuta, kioo kuchelewa kusafika ukungu, na abiria kupiga chafya kila hewa inapowashwa.

Namna ya kuibadilisha mwenyewe

Katika magari mengi madogo ya Kijapani, filta iko nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi kilicho mbele ya abiria, upande wa kushoto. Kazi ni ya dakika 10 hadi 20 na mara nyingi haihitaji spana. Magari mengine huwa nayo chini ya dashibodi au chini ya boneti karibu na waipa. Kitabu cha gari kitakuonyesha. Usipokuwa nacho, fundi wako atakuonyesha mara moja na baadaye utaweza mwenyewe.

1. Egesha gari mahali tambarare, zima injini na utoe ufunguo. Vaa barakoa, kwa sababu vumbi la miaka litatikisika.

2. Ondoa kila kitu ndani ya kisanduku cha dashibodi. Chomoa kamba au mkono mdogo wa plastiki ulio ubavuni, kisha bana kuta za pembeni kuelekea ndani ili kisanduku kishuke chote. Usilazimishe, plastiki ya gari lililozeeka huvunjika upesi.

3. Utaona kifuniko chembamba cha plastiki. Bonyeza vishikizo vyake na ukivute.

4. Kabla ya kutoa filta, tazama ilivyokaa na upande mshale wake unakoelekea. Ipige picha kwa simu. Kisha ivute taratibu, ikiwa imelala vilevile, ili majani na mchanga visidondokee kwenye feni.

5. Fyonza uchafu uliobaki kwa mashine ya kufyonza vumbi au uufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usimwage maji humo. Feni na nyaya za umeme ziko karibu.

6. Linganisha filta mpya na ya zamani kwa urefu, upana na unene. Filta iliyopungua hata kidogo huacha mwanya, na hewa chafu hupitia hapo bila kuchujwa.

7. Iingize mpya ukifuata mshale. Mshale huonyesha hewa inakoelekea. Nyingine zimeandikwa neno UP, na upande huo ndio wa kuwa juu. Ikikataa kuingia, usiikunje. Angalia upya kama umeigeuza.

8. Rudisha kifuniko na kisanduku, washa gari na ujaribu feni katika kasi zote. Ukisikia kitu kinagongagonga, zima. Huenda jani limeangukia kwenye feni.

Mwisho, andika tarehe na kilomita kwenye karatasi ndogo uiweke ndani ya kisanduku. Usitegemee kumbukumbu.

Ukikuta panya wamefanya kiota, jambo linalowapata wanaoegesha karibu na maghala au mashamba, usipulize wala kufagia kikavu. Kinyesi cha panya kinaweza kubeba vimelea vya magonjwa. Vaa glavu na barakoa, kilowanishe kwa dawa ya kuua viini, kisha ukikusanye kwenye mfuko na kuufunga. Angalia pia kama nyaya zimetafunwa.

Kuosha, kupuliza au kubadilisha?

Filta ya kawaida haioshwi. Maji na sabuni huharibu nyuzi zake, na ikirudishwa na unyevu huwa mahali pazuri pa kuvu kuota. Upepo mkali wa kompresa nao hupanua au kupasua nyuzi. Filta huonekana safi lakini haichuji tena chembe ndogo. Kuikung'uta taratibu nje ya gari kunaweza kukuvusha wiki chache hadi upate nyingine, ila si tiba ya kudumu. Zipo filta chache zilizotengenezwa kwa kuoshwa, na hizo huwa na maelezo hayo kwenye kifurushi.

Watengenezaji wengi hupendekeza filta ibadilishwe kati ya kilomita 15,000 na 20,000, au mara moja kwa mwaka, kutegemea gari. Muda huo ni wa barabara za kawaida, na vitabu vya magari huelekeza ubadilishe mapema zaidi penye vumbi jingi. Kwa anayepita barabara za udongo kila siku, ni busara kuikagua kila baada ya miezi mitatu na kuibadilisha ikiwa imejaa, bila kusubiri mwaka uishe. Wakati mzuri mwingine ni mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za Machi na za Oktoba kuanza, ili kioo kiwe tayari kwa ukungu.

Filta hii ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kwenye gari. Uliza maduka mawili au matatu, nenda na ile ya zamani, na ukague kama mikunjo yake imepangika sawa na kingo zimekaza. Ile ya zamani usiichome. Nyingi zina plastiki, na moshi wake utarudisha hewani yale uliyokuwa ukiyakimbia. Itie kwenye mfuko na uitupe pamoja na taka ngumu.

Manukato si dawa

Gari likinuka, wengi hununua kichupa cha manukato na kukitundika kwenye kioo. Harufu mbaya hubaki, ikichanganyika na ya waridi au limau. Kwa mtu mwenye pumu, manukato makali ndani ya gari lililofungwa yanaweza kuchochea kubanwa kwa kifua. Kwa sababu hiyo pia, usinyunyizie manukato au mafuta ya kunukia kwenye filta yenyewe.

Harufu ya uvundo kwa kawaida hutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni filta chafu, na dawa yake ni kuibadilisha. Ya pili ni evaporeta, ambayo hubaki na unyevu AC inapozimwa, na kuvu na bakteria huota juu yake. Kuna dawa ya povu au ya kunyunyiza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Fuata maelezo yake, milango ikiwa wazi, au umwachie fundi. Ya tatu ni bomba la kutolea maji ya AC. Likiziba, maji hurudi ndani na kulowesha zulia la upande wa abiria. Ukiona zulia limelowa bila sababu, bomba hilo lizibuliwe.

Kuna tabia moja isiyogharimu chochote. Dakika tatu au nne kabla ya kufika, zima AC lakini uache feni ikizunguka na hewa ya nje ikiingia. Evaporeta hukauka, na kuvu hukosa unyevu wa kuotea. Toa pia mazulia uyaanike, na uondoe mabaki ya chakula na maziwa ya watoto. Bakuli la soda ya kuokea likiachwa sakafuni usiku kucha, gari likiwa limeegeshwa, husaidia kupunguza harufu iliyobaki.

Kisichozuiwa na filta

Filta haizuii kila kitu. Gesi ya kaboni monoksidi, inayotoka kwenye ekzosi, haina rangi wala harufu, inaua, na hupita kwenye filta yoyote ya gari, hata ile yenye mkaa. Usilale ndani ya gari lililofungwa injini ikiwa inanguruma, na usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa. Ukisikia moshi wa ekzosi ndani ya gari, fungua madirisha na umwone fundi siku hiyo hiyo.

Pia, jihadhari na kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Kinafunga hewa ya nje na kuzungusha ile iliyomo. Kinafaa unapopita kwenye wingu la vumbi au moshi. Lakini kikiachwa safari nzima, hewa ya ndani huchakaa kwa pumzi za abiria, kioo hushika ukungu upesi, na dereva anaweza kuanza kusinzia. Vumbi likipita, rudisha hewa ya nje.

Wenye matatu, teksi na magari ya shule wana wajibu mkubwa zaidi, kwa maana abiria hana namna ya kujua filta ikoje. Anachoweza ni kuketi na kuvuta hewa anayopewa. Mtoto anayepanda gari la shule asubuhi na jioni huvuta hewa hiyo mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, na hawezi kumwambia mtu kwamba kipuri kimechoka.

Wananchi wote wenye magari wanahimizwa kufungua kisanduku cha dashibodi wikendi hii na kutazama. Ukikuta filta nyeupe, rudisha na uandike tarehe. Ukikuta nyekundu kama udongo wa Voi, ujue kwamba wekundu uliosalia umepita, na waliouvuta ni wale unaowabeba.